Profesa Luhanga Alijenga Nini?

Tulipokuwa Chato hivi karibuni kwa shughuli za Chama, jioni moja tuliketi pamoja na mafundi waashi waliokuwa wamemaliza kumwaga zege la msingi, mahali pasipo mbali na mwalo wa wavuvi. Mazungumzo yakaja juu ya watu ambao nchi yetu iliwapoteza katika mwaka 2021. Jina la kwanza, kama ilivyo haki katika mji ule, lilikuwa la Hayati Rais John Pombe Magufuli, mwana wa Chato, aliyefariki tarehe 17 Machi mwaka ule na kuzikwa nyumbani kwake. Wakataja jina la pili, la Mhandisi Patrick Mfugale, mtu wa madaraja, aliyekuwa Mtendaji Mkuu wa Wakala wa Barabara hadi mauti yalipomfika mwezi Juni. Ndipo sisi tukaongeza jina la tatu. Tukasema kwamba mwaka huohuo alifariki pia Profesa Matthew Luhanga, mhandisi wa umeme, aliyekuwa Makamu wa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa miaka 15, na wakati huo akiwa amekwisha kustaafu.

Wakanyamaza kidogo. Kisha yule fundi mkuu wao, mtu wa makamo, akatuuliza: "Na huyo, ndugu mhariri, alijenga nini?"

Swali lile halikuwa la dharau. Kwa mwashi, mtu hupimwa kwa kilichosimama baada yake. Hayati Magufuli aweza kuonyeshwa kwa barabara ya lami, Mfugale kwa daraja. Lakini profesa wa uhandisi, aliyeshika chaki na baadaye kalamu ya uongozi, nani atamwonyesha kwa kidole? Tulimjibu kwa maneno machache pale pale, wala jibu letu halikututosheleza sisi wenyewe. Kwa hiyo tumeona inafaa tulijibu swali lake katika ukurasa huu, kwa kuwa twaamini si yeye peke yake aliye nalo.

Tuanze mbali kidogo. Taifa lilipopata uhuru mwaka 1961, Mwalimu Nyerere alizoea kuwakumbusha watu, tulikuwa na madaktari 12 tu na wahandisi wawili tu waliosomeshwa. Wawili! Waingereza walikuwa wamekaa hapa miaka arobaini na zaidi. Katika muda huo dhahabu ya Geita ilichimbwa, almasi ya Mwadui ikachimbwa tangu mwaka 1940, pamba ya Usukuma ikasafirishwa kwa maelfu ya marobota, na kazi hizo zote zilihitaji mitambo, umeme, barabara na mahesabu. Mwafrika alikuwapo kazini tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Alishika sururu, akabeba gunia, akatia mafuta kwenye mashine. Ila aliyejua kwa nini mashine ile inazunguka, na itafanywaje ikikoma kuzunguka, alikuwa mgeni. Mgodi wa Geita ulipofungwa mwaka 1966, wageni waliondoka na ujuzi wao vichwani, nasi tukabakiwa na mashimo.

Chama kiliiona hatari hiyo mapema. Wasomaji wetu wazee wanakumbuka, na vijana yafaa waambiwe, kwamba Chuo chetu Kikuu hakikuzaliwa Mlimani. Kilizaliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria. Wanachama walikuwa wamelichangia jengo lile, naye mkulima aliyetoa senti zake kwa ajili yake hakujua kama alikuwa akijenga chuo kikuu. Miaka iliyofuata Chuo kikahamia Mlimani, lakini uhandisi haukuwako huko. Katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki masomo hayo yalikuwa Nairobi, na kijana wa Kitanganyika aliyetaka kuwa mhandisi alikwenda huko au akavuka bahari. Mfugale mwenyewe, aliyesoma katika kizazi cha baadaye, alisomea India. Mwaka 1973 ndipo Kitivo cha Uhandisi kilipofunguliwa Dar es Salaam, kwa msaada wa Ujerumani ya Magharibi, kikianza na uhandisi wa ujenzi, wa mitambo na wa umeme. Utaratibu wake uliwataka wanafunzi kwenda viwandani na kwenye miradi wakati wa likizo, wakavae ovaroli na kufanya kazi kwa mikono pamoja na wafanyakazi. Twausifu utaratibu huo hata leo. Mhandisi asiyepata kulowa grisi ni mtu wa kuogopwa.

Katika kitivo hicho ndimo Profesa Luhanga alimofundisha. Alikuwa amesomea uhandisi wa umeme Marekani, akapata shahada yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Columbia, mjini New York. Na hapa twaomba wasomaji watuvumilie kidogo, maana jambo alilolichunguza huko linawahusu wavuvi wa Chato kuliko wanavyodhani.

Katika miaka ile sauti ya simu ilipita njia yake, na maandishi na hesabu za kompyuta zikapita njia yake nyingine. Luhanga alichunguza, kwa hesabu, namna ya kuvipitisha vyote viwili katika njia moja. Ugumu wake waweza kufananishwa na barabara. Sauti ya mtu haivumilii kungoja, maana neno likichelewa nusu sekunde mazungumzo yanaharibika. Hesabu za kompyuta huweza kungoja, lakini hazivumilii kupotea hata tarakimu moja. Basi wakipita pamoja, nani apishe nani, na njia iwe pana kiasi gani ili asiwepo wa kukwama? Luhanga na mwalimu wake waliandika juu ya hesabu hizo katika miaka ya 1980, wakati ambao katika wilaya zetu hizi mtu aliyetaka kupiga simu hana budi kwenda posta na kungoja zamu yake. Leo mwanamke anayenunua dagaa mwaloni huzungumza na mteja wake wa Mwanza, na kwa simu ileile akapokea fedha zake, na sauti na fedha zikapita njia moja. Hatusemi kwamba Luhanga ndiye aliyeizua simu hiyo. Kazi ya namna hiyo hufanywa na mamia ya watu katika nchi nyingi. Twasema tu kwamba Mtanzania alikuwamo katika mamia hayo, kisha akarudi nyumbani kufundisha.

Kurudi huko nako si jambo dogo. Kila aliyefika utu uzima katika miaka ya 1980 anajua hali ilivyokuwa: foleni za sukari, mishahara isiyomaliza juma, maabara zisizokuwa na vifaa. Walimu wengi wa Chuo walikwenda Botswana, Lesotho, Swaziland na kwingineko kulikolipa vema. Hatuwalaumu, kwani mtu ana watoto. Lakini waliobaki ndio waliotufundishia wahandisi wetu, nao wanastahili kutajwa.

Mwaka 1990 Chuo kilifungwa kwa sababu ya mgogoro kati ya wanafunzi na Serikali, na wanafunzi wakarudishwa makwao. Mwaka 1991 Luhanga akakabidhiwa uongozi. Alikikuta Chuo chenye wanafunzi wasiofika elfu nne katika taifa la watu zaidi ya milioni 20, mabweni yakiwa mabovu, vitabu vikiwa vya zamani, na kila shilingi ikingojwa kutoka Hazina. Mhandisi yule akakitazama Chuo kama mtu atazamavyo mtambo uliochakaa: akauliza kipi kimevunjika, kipi chafaa kutengenezwa, na kipi hakina budi kutupwa. Katikati ya miaka ya 1990 ukatoka mpango wa mageuzi. Alipoondoka mwaka 2006 wanafunzi walikuwa wamezidi elfu kumi, mtandao wa kompyuta umeenea Mlimani, na vyuo vishiriki vya ualimu vimefunguliwa Chang'ombe na Mkwawa, Iringa. Mwaka 2007 Muhimbili na Ardhi, vilivyokuwa matawi yake, vikasimama kuwa vyuo vikuu kamili. Mambo hayo yeye mwenyewe aliyaeleza katika kitabu alichokitoa mwaka 2009. Ni kitabu cha mtu asiyeogopa kujisifu, lakini pia kimejaa tarakimu, nasi twapendelea mtu ajisifuye kwa tarakimu kuliko ajisifuye kwa vigelegele.

Sasa tumefika penye uchungu, na gazeti la Chama likipapita kimya litakuwa limewadanganya wanachama wake.

Mageuzi yale yalikuwa na bei, na bei hiyo haikulipwa na maprofesa. Wakati huohuo ulikuja utaratibu wa kuchangia gharama za elimu ya juu. Huduma kama vile chakula na usafi, zilizokuwa zikiendeshwa na Chuo, zikakabidhiwa watu binafsi, na wafanyakazi wa ngazi za chini wakapunguzwa. Wanafunzi wa kujilipia ada wakaanza kupokelewa. Mtoto wa mvuvi wa Chato, au wa mchimbaji wa Nyarugusu, au wa mpishi aliyepunguzwa kazi palepale Mlimani, aliambiwa kwamba mlango u wazi, ila kuna kiingilio. Wanafunzi waligoma zaidi ya mara moja, na katika migomo hiyo jina la Luhanga lilitamkwa kwa hasira. Tunao wasomaji waliokuwa miongoni mwao. Hawatapenda tumpake mafuta marehemu, wala hatutafanya hivyo.

Lakini haki nayo yataka isemwe nzima. Uamuzi wa kuchangia gharama haukutoka katika ofisi ya Makamu wa Mkuu wa Chuo. Ulitoka Serikalini, katika siku ambazo Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa walikaa nasi meza moja na kutuambia nchi maskini haina haja ya vyuo vikuu vingi. Serikali hiyo ilikuwa ya Chama hiki. Basi anayemlaumu Luhanga peke yake amwache kidogo, aje atulaumu na sisi. Ilichukua mpaka mwaka 2004 sheria ya Bodi ya Mikopo kupitishwa, na bodi yenyewe kuanza kazi mwaka 2005. Kati ya kuwekwa kwa mzigo na kuletwa kwa mkono wa kuusaidia ilipita zaidi ya miaka kumi, na wako vijana wenye akili ya uhandisi ambao miaka hiyo iliwapita wakiwa nje ya mlango. Baadhi yao leo wako katika mashimo ya dhahabu.

Tumeyataja mashimo kwa kusudi. Fundi wetu wa Chato alipouliza alijenga nini, tungaliweza kumpeleka mahali ambapo kukosekana kwa mhandisi kunaonekana kwa macho. Mwaka 2015, huko Nyangalata wilayani Kahama, wachimbaji wadogo walifukiwa, na watano kati yao wakatolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi, wakiwa wameishi kwa wadudu na maji machafu. Dunia nzima ilistaajabu. Mwezi Januari 2017, Nyarugusu mkoani Geita, watu 15 walifukiwa mgodini, na kwa bahati njema wakaokolewa baada ya siku chache. Tuliwashangilia, na ilifaa. Lakini mtu akitoka hai kaburini, baada ya shangwe swali lapasa kuwa: nani alipima udongo ule kabla ya watu kushuka?

Mchimbaji mdogo anajua mengi. Anaujua mwamba kwa rangi na kwa mlio wa nyundo, anajua kuweka matimba, anajua duara gani lina hewa nzito. Ujuzi huo ni mali. Lakini haujui kupima uzito wa mwamba ulio juu ya kichwa chake baada ya mvua ya siku tatu, wala maji yaliyojikusanya katika shimo la jirani lililoachwa miaka ishirini iliyopita. Hesabu hizo zipo, na zinafundishwa katika nchi hii na Watanzania. Katika mkoa huohuo wa Geita, mgodi mkubwa wa kampuni una wahandisi wa miamba, wa maji na wa hewa, ambao hawamruhusu mtu kushuka kabla ya kutia sahihi. Ukitoka nje ya uzio wake unakuta duara lenye watu thelathini ambao mhandisi wao ni Mungu.

Sisi twaona hapa pana kazi ya Chama, siyo ya Serikali tu. Mwaka 1955 wakulima wa pamba wa Kanda hii ya Ziwa, wakiongozwa na Paul Bomani, waliviunganisha vyama vyao vya ushirika kuwa shirikisho la Victoria, na wakamiliki vinu vyao wenyewe vya kuchambulia pamba. Hawakuwa matajiri. Kila mmoja peke yake asingeweza kununua hata mkanda wa kinu. Basi leo wachimbaji wa eneo moja, wenye leseni zao na soko lao la madini lililofunguliwa Geita mwaka 2019, washindwe na nini kuajiri kwa pamoja mhandisi mmoja kijana, wakamlipa kwa sehemu ndogo ya mauzo yao? Vijana hao wapo mitaani na vyeti vyao, wakitafuta kazi. Tumewahi kuambiwa kwamba mhandisi atakuwa ghali. Gharama ya siku 41 haikuandikwa katika daftari la mtu.

Na daraja je? Msomaji atasema hatuwezi kuizungumzia Chato na wahandisi bila ya kulitaja daraja la Kigongo na Busisi, nasi hatuna nia ya kulikwepa. Tangu kale aliyetoka Mwanza kwenda Sengerema, Geita na Chato alisimama Kigongo akakingoja kivuko. Akina mama wenye mimba walingoja, na wagonjwa wakangoja, na wakati wa dhoruba kila mtu akangoja. Ujenzi ulianza mwaka 2020, na tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alilifungua daraja lenye urefu wa kilometa tatu na ushei, likapewa jina la Hayati Magufuli aliyelianzisha. Waliolijenga ni makampuni ya China. Waliolisimamia kwa niaba ya wananchi ni wahandisi wetu wa Wakala wa Barabara.

Wapo wanaoona aibu kwamba mjenzi alikuwa mgeni. Sisi twaiona aibu hiyo ni nusu tu. Mwaka 1961, kama daraja kama hilo lingejengwa, mgeni angelichora, mgeni angelijenga, mgeni angelikagua, na sisi tungeambiwa limekwisha. Safari hii mgeni alipoleta zege lake alikuta Mtanzania aliyejua kulipima, akasema hili zuri, lile lirudishwe. Uwezo wa kumwambia mjenzi "rudisha" ni sehemu ya uhuru, na umetokana na madarasa yaliyofunguliwa tangu mwaka 1973. Nusu iliyobaki ni kulijenga wenyewe, nayo haitapatikana kwa hotuba. Itategemea kama makandarasi wetu watapewa kazi za kukulia, na kama benki zetu zitawadhamini, na kama vijana waliosimama juu ya nguzo zile kwa miaka mitano watakusanywa kazi nyingine kubwa inapokuja, au wataachwa watawanyike kila mtu kwenye duka lake la simu.

Jambo moja zaidi la Luhanga ambalo twapenda lisisahauliwe. Katika uongozi wake Chuo kiliweka mafunzo ya kuwaandaa wasichana ambao alama zao zilikaribia kufikia kiwango cha sayansi na uhandisi, ili wapate kuingia. Wapo waliopinga wakisema viwango vinashushwa. Sisi tuliokulia katika shule za misheni, ambako wavulana walikuwa na maabara na wasichana wakawa na cherehani, twajua alama zile zilipimwa katika mbio ambazo mmoja alianza mbele ya mwenziwe. Hatimaye wasichana hao walifanya mtihani uleule wa wenzao, na wengi leo ni wahandisi waliosajiliwa.

Hayo ndiyo tuliyoyakosa kuyasema jioni ile. Yule fundi, tulipomwambia kwamba profesa alijenga wajenzi, alicheka akasema hayo ni maneno ya watu wa magazeti. Alikuwa na haki. Lakini kabla hatujaagana alitueleza kwamba ana binti katika kidato cha tatu, ambaye humpigia hesabu za nondo na mifuko ya saruji, na kwamba mara mbili amemsahihisha baba yake, na mara zote mbili baba ndiye aliyekosea. Shuleni kwake mwalimu wa fizikia yuko mmoja kwa madarasa yote. Ada ya sekondari haipo tena tangu mwaka 2016, na ya kidato cha tano na cha sita tangu mwaka 2022, lakini mwalimu wa pili wa fizikia hajaonekana. Akatuuliza binti huyo afuate masomo gani akitaka kuwa kama hao wa darajani. Tukamwandikia katika kipande cha karatasi: Fizikia, Kemia, Hisabati. Akakisoma mara mbili, akakikunja, akakitia katika mfuko wa shati, akaenda kuwaambia vijana wake walimwagilie zege maji kabla ya giza kuingia.